Uzi Mbele ya Kioo

Mkuza nzima, hapa Kibaha, ilikuwa imekubaliana juu ya jambo moja: Daktari wa meno alikuwa na maringo. Hatukuhitaji ushahidi, maana alitembea nao usoni. Mdomo wake ulienda upande. Ukimsalimia aliitikia vizuri tu, lakini kidevu kilielekea kushoto, kama mtu aliyeonja kitu kichungu na hajaamua kukitema. Akicheka, alicheka meno yamefungwa. Na chapati zangu, ambazo wateja wengine walizikunja na kuziuma kama watu wenye safari, yeye alizichana vipande vidogo vidogo, akavichovya kwenye chai kimoja kimoja, macho yake barabarani. "Huyo anaogopa rangi ya mdomo itamtoka," alisema muuza vocha, jirani yangu. Wala hakuwa anapaka rangi ya mdomo.

Nilikuwa na kibanda cha uji na chapati ng'ambo ya hospitali, na ninacho mpaka leo, ingawa siku hizi kimepata bati jipya. Nikimkumbuka Daktari, huwa ni asubuhi. Sijui kwa nini. Nilimwona mchana pia, nilimwona juani, nilimwona hata msibani, lakini akili yangu imeamua kumweka asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya upande wa Mbwawa, mvuke wa uji unapanda kati yangu na yeye, sura yake inakuja na kupotea. Wakati mwingine nadhani nusu ya ninayoyakumbuka niliyaota nikiwa nimesimama, mwiko mkononi. Basi kama nimeota, nimeota vizuri, na wengine walioamka nami wanaweza kunisahihisha.

Koti lake jeupe halikuwa na vifungo. Alilifunga kwa pini, zile kubwa za nepi za watoto, na kimoja tu cha vifungo vya awali kilikuwa kimebaki, cha juu kabisa, shingoni. Jambo hilo lilitukera kuliko mdomo wake. Mwanamke mtu mzima, msomi, anapita barabarani amejipachika pini kama nguo iliyoanikwa! Mimi nilikuwa na sindano na uzi kibandani, nikamwambia siku moja, "Daktari, lete koti nikushonee vifungo." Akalitazama koti lake kama ndiyo kwanza analiona. "Vitaondoka tena," akasema, akaendelea kuchana chapati.

Hakuwa mtu wa kusema pole. Huku kwetu ukijikwaa unaambiwa pole, ukibeba mzigo unaambiwa pole, ukitoka kazini unaambiwa pole hata kama ulilala kutwa. Yeye alikutazama tu. Mama akimletea mtoto anayelia, yeye alimshughulikia mtoto, na mama akianza naye kulia alimwonyesha mlango: "Kalilie nyuma ya nyumba, halafu urudi." Wengi walitoka pale wamemchukia. Wengi hao hao walirudi, kwa sababu mtoto alikataa kupelekwa kwa mwingine.

Mimi nilianza kumjua vizuri kwa sababu ya uji. Watoto wake wengi hawakuweza kutafuna, akawa ananiagiza niwapelekee uji mlaini asubuhi. Nasema mlaini, na aliponiambia mlaini sikumwelewa mpaka siku aliponirudishia sufuria nzima kwa sababu ya bonge moja. Bonge lenyewe lilikuwa dogo kama ukucha. Nilimtukana njia nzima, kimoyomoyo, nikaupika upya. Ndivyo nilivyoanza kuingia kwenye chumba chake na kuona kazi yake.

Watu hudhani daktari wa meno ni wa kung'oa. Yeye aling'oa, ndiyo, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mataya ya watoto walioanguka. Weka kidole mbele ya sikio lako, ufungue mdomo, uufunge. Kuna kitu kinateleza hapo chini ya ngozi. Hicho ndicho kiungo cha taya. Mtoto akianguka kifudifudi, kidevu ndicho kinachogonga chini, lakini pigo linapanda na mfupa mpaka pale juu, penye wembamba, na pale ndipo panapovunjika. Watu wanaona jeraha la kidevuni. Linashonwa, linapachikwa plasta, mtoto anapewa biskuti, safari ya nyumbani. Miezi inapita, mdomo unaanza kugoma, na hapo hakuna tena anayekumbuka kwamba kuna siku mtoto alianguka. Daktari alikuwa na usemi wake juu ya hilo, akawaambia wauguzi, akawaambia vijana wa bodaboda, akamwambia yeyote aliyesimama karibu: "Kidevu kinaanguka, sikio linavunjika. Usikitazame kidevu." Muuza vocha aliusikia mara nyingi mpaka akawa anautumia kwenye kesi za ndoa.

Chumbani kwake kulikuwa na kioo, kimetundikwa chini sana, usawa wa uso wa mtoto aliyeketi. Daktari akisimama mbele yake aliona pini za koti lake, basi. Na watoto hakuwapima kwa mbele. Alisimama nyuma yao, akaingiza ncha za vidole vyake vidogo masikioni mwao, akawaambia wafungue mdomo polepole na kuufunga polepole.

"Unasikia nini humo ndani?" aliwauliza.

Kila mtoto alisikia lake. Yuko aliyesikia mvua. Yuko aliyesikia treni inapita Soga. Kitoto kimoja, kidogo kabisa, kilisema kinasikia mama yake anakoroga kitu. Daktari hakumwambia hata mmoja kwamba amekosea. "Enhe," aliitikia kwa sauti ya chini. "Ikaribishe. Ifungulie mlango." Na mdomo ulifunguka zaidi kidogo, mtoto amefumba macho, na chumba kizima kikawa kama kimesinzia. Nilikuwa nasahau sufuria mikononi mpaka iniunguze.

Siku moja alikuja mfugaji mmoja, wa hao waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao wakakaa huko ndani porini. Shuka begani, fimbo mkononi, na binti yake mdogo aliyepigwa teke la kidevu na ndama. Binti alikataa kabisa kufungua mdomo. Daktari akamgeukia baba.

"Mzee, fungua wewe kwanza."

"Mimi siumwi."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Anayeumwa anaogopa kufungua peke yake."

Mzee akalitazama benchi lote la wagonjwa, watu wasiomjua, akafungua kinywa. Mama aliyekaa karibu naye akafungua cha kwake, sijui kwa huruma au usingizi. Likaenea. Mara benchi zima, wakubwa kwa wadogo, vinywa wazi kama makinda kiotani, na jua la asubuhi linaingia dirishani na kuangukia ndimi zao. Yule binti aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akafungua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilipotanabahi, changu nacho kilikuwa wazi.

Hayo yote niliyaona kama mtu anayetazama mambo ya watu. Halafu yakawa yangu.

Mwanangu Zuwena alikuwa darasa la pili alipokwenda likizo kwa bibi yake, mama mkwe wangu, huko Kurui, Kisarawe ndani. Ulikuwa msimu wa korosho. Alikuwa anakimbia na beseni la mabibo, akajikwaa, kidevu kikagonga ukingo wa kinu. Zahanati wakamshona vizuri. Bibi akanipigia simu: "Kapata jeraha dogo la kidevu, usiwe na wasiwasi." Sikuwa nao. Niliwaza kidevu, kama watu wote.

Lakini mtoto akitafuna alilia, na Bibi alikuwa hawezi kumsikia mjukuu wake akilia. Akachana ukanda wa kanga, akaupitisha chini ya kidevu, akaufunga utosini, ili mfupa utulie. Majirani wakaja, wakamsifu. Mkono ukivunjika si unafungwa? Mguu si unafungwa? Taya nalo ni mfupa. Akamnywesha uji kwa mrija wa pipi, akamlaza mkekani kivulini, akamkataza kusema ili asijitoneshe. Sijawahi kuona mtoto aliyeuguzwa kwa mapenzi kama yale.

Nilipokwenda kumchukua shule zikikaribia kufunguliwa, nilimkuta amekaa amefungwa kichwa kama mzigo wa sikukuu, macho yanacheka, mdomo haucheki. Nikaufungua ukanda. Mdomo haukufunguka. Nikajaribu kupitisha kidole changu katikati ya meno yake, hakikupita. Nakumbuka kuku walikuwa wanaparua uani, na nikawaza, hawa kuku wanaendeleaje tu na kazi zao?

Nikawachukua wote wawili, mtoto na bibi yake, mpaka Kibaha kwa Daktari.

"Shikamoo, Mama," alimwamkia Bibi.

"Marahaba, mwanangu."

Akasimama nyuma ya Zuwena, vidole masikioni. Unasikia nini humo ndani? Zuwena alijibu kupitia meno yaliyofumbana. "Mtu anatembea kwenye majani makavu."

Kwa mara ya kwanza sikumsikia Daktari akisema enhe. Akauliza tena, "Ni sikio lipi?"

"La huku kushoto. Huku kwingine hakuna mtu."

Tukatumwa kupiga picha ya mifupa, tukarudi nayo. Daktari akaiinua dirishani, akaitazama muda mrefu. Kiungo cha kushoto kilikuwa kimevunjika. Nikauliza kama atapasuliwa. "Huyu hapana," akasema. "Mfupa wa mtoto unajijenga wenyewe ukiachwa utembee. Siku chache za mwanzo unapumzishwa kwa chakula laini, kisha unatembezwa. Huu haukutembezwa. Umeanza kushikana." Akaiweka picha mezani. "Nani amemfunga?"

"Mimi," Bibi akasema. "Alikuwa anaumia."

"Taya hufungwa la maiti," Daktari akasema. "La mtoto aliye hai hufunguliwa."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa afadhali. Mimi nilitamani sakafu inimeze, kwa ajili ya mama mkwe wangu, ambaye wakati huo alikuwa ameukunja ule ukanda wa kanga kwenye kiganja na kuukunjua, na kuukunja tena. Nikangoja alie na aonyeshwe mlango. Hakulia. Aliinua macho akamtazama Daktari usoni, jinsi ambavyo sisi wote wa Mkuza hatukuwahi kumtazama, alipitisha macho shavu hili na shavu lile, akashuka kidevuni, akakaa hapo.

"Na wewe, mwanangu," akasema, "nani alikufunga?"

Nje mtu alikuwa anafagia. Nilisikia ufagio ukienda na kurudi.

"Mama yangu," Daktari akasema. "Kwa kanga yake ya harusi. Aliichana kwa ajili yangu."

"Yuko hai?"

"Hayupo."

"Alijua?"

"Hapana. Mimi mwenyewe nilikuja kujua chuoni, naye ameshazikwa. Alikuwa anasema nimechukua mdomo wa shangazi yangu. Sikuwa na wa kumwambia."

"Basi umeniambia mimi," Bibi akasema. "Nimesikia."

Ndipo nilipoona. Chapati zinazochanwa vipande vidogo, kicheko cha meno yaliyofungwa, kioo kilichotundikwa chini, kusimama nyuma ya watoto. Miaka yote ile tulikuwa tunayaita maringo. Daktari mwenyewe mdomo wake haukuwa unafunguka kuzidi upana wa vidole viwili, na kidevu kilikwenda upande wa kiungo kile kilichogoma kukua. Alikuwa anafungua vinywa vya watoto wa watu mpaka mwisho, naye chake kimeishia nusu.

Akachuchumaa mbele ya Bibi, daktari mzima, pini zinang'aa kifuani. "Mama, wewe ndiye uliyefunga. Basi wewe ndiye utakayefungua. Huyu mama yake ana moyo wa huruma, hataweza." Sikupinga. Alikuwa amenisoma.

Akaking'oa kile kifungo chake cha mwisho, cha shingoni, akakitunga kwenye uzi mrefu. Akataka kuukata uzi, akatafuta mkasi kwenye droo, na Bibi akauchukua uzi mkononi mwake akaukata kwa meno. Uzi ukatundikwa kwenye msumari juu ya kioo, kifungo kikaning'inia katikati. Zuwena akaketishwa mbele yake. Kazi ilikuwa hiyo: afungue mdomo, na kidevu kishuke kando ya uzi, kisikimbilie kushoto. Kikikimbia, Bibi akirudishe kwa mkono. Na vile vijiti bapa vya kukandamizia ulimi, vinaingizwa katikati ya meno ya nyuma, na kadiri mtoto anavyoweza kuvumilia kinaongezwa kingine. Tukapewa vijiti, tukapewa uzi na kifungo. Hivyo ndivyo vifungo vya lile koti vilivyokwisha. Kila kimoja kilikuwa kinaning'inia mbele ya kioo cha mtu fulani, Mlandizi, Kisarawe, sijui wapi.

Mlangoni akanishika mkono. "Mama Zuwena, nisikudanganye. Mdomo utafunguka, kazi ikifanyika. Kidevu ndicho nisichokuahidi. Kinaweza kukua kikanyooka, kinaweza kubaki nyuma upande mmoja. Hilo tutalijua akimaliza kukua, si leo."

Usiniulize nililalaje. Msichana, na uso ni mlango wa mtu. Nilikuwa nikimtazama Daktari anapita barabarani na ninaona mwanangu, na nikimtazama mwanangu ninamwona Daktari, na nilikuwa naona aibu kwa hofu yangu.

Bibi alihamia Mkuza na furushi la nguo na kuku wake mmoja asiyemwamini mtu. Kila asubuhi na kila alasiri alimketisha Zuwena mbele ya kioo. Mtoto alilia. Mimi nilikwenda kulia nyuma ya kibanda, kama Daktari alivyowaagiza akina mama. Bibi, aliyekuwa hawezi kusikia kilio kule Kurui, sasa alisikia chote. "Lia, mama, lia sana," alimwambia, kijiti mkononi, "lakini lia umefungua." Mimi nadhani ile ndiyo ilikuwa toba yake, na hakuikatisha hata siku za mvua.

Daktari alikuwa anaamini miayo kuliko dawa. Alisema hakuna anayekifungua kinywa chake vizuri kama mtu mwenye usingizi. Akawaambia watoto wapige miayo popote inapowajia, na kama haiji waite. Zuwena akapiga miayo madrasa, kinywa wazi mchana kweupe, na darasa zima likamfuata. Ustadhi akavuka barabara mpaka kibandani kwangu, akamkuta Daktari na chai yake.

"Daktari, nasikia unawafundisha watoto kupiga miayo hadharani."

"Nawafundisha."

"Mwayo unatoka kwa shetani. Unazuiwa, unafunikwa."

"Haya, Ustadhi. Nipe kingine kinachofungua kinywa cha mtoto kutwa nzima bila kumliza."

Ustadhi akaagiza uji. Akaunywa nusu, anafikiri. Alikuwa mtu wa haki, tatizo lake lilikuwa kupenda kushinda. "Kuna herufi za kuvuta," akasema hatimaye. "Kwenye kisomo. Huwezi kuzivuta na mdomo umefumba."

"Na mwayo?"

"Mwayo afunike kwa kiganja. Yanayotokea nyuma ya kiganja ni siri yake."

Daktari akacheka kicheko chake cha meno yaliyofungwa mpaka mabega yakatikisika. Tangu siku hiyo Zuwena aliwekwa mbele kuongoza kisomo. Alasiri, jua limelegea na wateja wameisha, niliisikia sauti yake kutoka ng'ambo ikivuta aaa, mwanzo nyembamba, ya mtu anayechungulia mlangoni, na wiki baada ya wiki ikawa pana. Nilikuwa naacha kuosha vyombo nisikilize. Sijawahi kupenda sauti kama nilivyoipenda ile.

Ukafika wakati vidole vyake mwenyewe vitatu, vimepangana, vikaingia kinywani. Alikuja kunionyesha anakimbia, vidole mdomoni, mate yanamtiririka, na Bibi nyuma yake anapiga vigelegele mpaka muuza vocha akauliza kama kuna harusi. Mdomo ulikuwa umefunguka. Kilichobaki ni kidevu, na kidevu kilihitaji miaka.

Daktari alikuwa na mengi yasiyoelewana. Aliwakataza watoto pipi, na droo yake ilijaa kashata. Alimkemea mzazi aliyechelewa kuleta mtoto, na yeye mwenyewe jino lake la nyuma lilioza akaliacha, kwa sababu hakuna chombo kilichoweza kuingia pale, na hakutaka mwenzake yeyote ajue. Hakukubali kupigwa picha hata siku wauguzi walipopigwa wote. Lakini mtoto akimwuliza, "Daktari, mbona kidevu chako kimelala?" alijibu bila kukasirika, "Kimechoka. Chako kisilale."

Bibi alipofariki, tulimzika Kurui. Daktari alikuja, na viatu vyake vya hospitali, akaketi mkekani na akina mama. Waliomwosha Bibi walikuwa wamemfunga taya kwa ule ukanda wa kanga, maana Zuwena aliutoa sandukuni akasema bibi yake aliutunza kwa ajili hiyo. Nilimweleza Daktari kwa sauti ya chini. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake miaka yote ile. "Pole," akasema. "Pole sana, Mama Zuwena." Likanishinda, nikalia pale pale, na hakunituma nyuma ya nyumba.

Baadaye alistaafu, kabla jibu letu la kidevu halijapatikana. Akahamia kiwanja chake Mbwawa. Asubuhi zangu zikabaki na mvuke tu. Kwa muda fulani niliendelea kuchana chapati moja vipande vidogo bila kufikiri, na mteja akaniuliza hii ya mgonjwa gani.

Mwaka huu Zuwena amemaliza kidato cha nne. Ni mrefu kunipita. Mimi nilikuwa nimeutazama uso wake mara nyingi mno, nikafika mahali pa kutoona kitu, kama neno ukilirudia sana. Siku moja naona kidevu kimenyooka, kesho naona kinaelekea kushoto. Yeye ndiye aliyesema, "Mama, twende kwa Daktari. Aseme yeye."

Tulimkuta uani anachambua kunde, ukungu haujaondoka. Amekonda. Macho yamepungua nguvu, alitutambua kwa sauti. Zuwena akapiga goti, "Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Nani huyo mwenye sauti pana?"

Nilikuwa nimeleta chapati. Tukala, kuku wanaparua, bamia zake zimechanua nyuma ya nyumba. Yeye alichana. Zuwena alikunja ya kwake, akaiuma. Daktari akaacha kutafuna, akawa anasikiliza jinsi anavyouma, na nikaona vidole vyake vimeanza kujipangusa kwenye kanga.

"Njoo ukae hapa mbele yangu," akasema.

Zuwena akaketi kwenye kigoda, amempa mgongo. Daktari akasimama nyuma yake, akamwingizia ncha za vidole masikioni. Fungua. Funga. Fungua. Ukungu ulikuwa unapita kati ya miti, na mimi nilishika mkono mmoja kwa mwingine.

"Unasikia nini humo ndani?"

Zuwena akafungua tena, akafunga.

"Hakuna mtu," akasema. "Yule wa majani makavu ameshafika."

"Enhe," akasema Daktari.

Zuwena akatoa mkobani ule uzi, na kifungo chake. Sikujua kwamba alikuja nao. Daktari akaupokea, akaenda mbele yake, akainama mpaka pua zao zikakaribiana, kwa sababu ya macho yale, akauning'iniza kutoka katikati ya paji la uso. Uzi ukashuka. Ukapita katikati ya pua, ukapita katikati ya midomo. Kifungo kikayumba, kikayumba, kikatulia. Kilitulia katikati ya kidevu cha mwanangu.

"Kimenyooka," Daktari akasema. Akashusha pumzi. "Mama Zuwena, sasa kalilie nyuma ya nyumba."

Sikwenda. Nililia hapo hapo, nimekaa, na wala sikujifunika. Kwa hiyo niliyaona yaliyofuata kupitia machozi, na kama kuna nililoliota kwenye habari hii, huenda ni hili, lakini sidhani.

Zuwena aliuchukua uzi kutoka vidoleni mwa Daktari. Akasimama, akamwambia, "Na wewe kaa, Daktari." Nikataka kumzuia. Hakuna aliyewahi kuuweka uzi ule mbele ya uso huo. Daktari alimtazama, kisha akaketi kwenye kigoda polepole, mikono mapajani, akafumba macho kama watoto wake walivyokuwa wakifumba.

Uzi ukashuka kutoka paji la uso. Ukapita katikati ya pua. Pale chini kifungo kikabaki kinaning'inia hewani, kidevu kiko mbali, upande wa kushoto. Zuwena akakitazama. Halafu akausogeza mkono wake, taratibu, kuelekea kule kidevu kilikokwenda miaka yote ile, mpaka kifungo kikakigusa na kutulia juu yake.

"Kimenyooka," akasema.

Daktari akafumbua macho, akakikuta kifungo cha koti lake kidevuni. Akacheka, mdomo wazi, mpaka pale unapoishia.